Ritifaa ya mama wa Kadutu

"Hii haiko jina yangu, mwanangu."

Mama aliyeniambia hivyo alikuwa ameshika risiti kwa ncha za vidole viwili, maana mikono yake ilikuwa imejaa magamba ya sambaza, wale samaki wadogo. Tulikuwa soko la Kadutu, Bukavu, mwaka 2019, mvua ya asubuhi imekatika punde tu na matope yanateremka na mlima. Likelemba yao, yaani chama chao cha kuweka akiba, ilikuwa imekua mpaka ikapita wanachama mia mbili, daftari likawashinda, wakaniomba niwatengenezee programu. Siku hiyo nilikuwa nimepanda sokoni kuona kazi yangu inavyokwenda. Kiasi kwenye risiti kilikuwa sawa, tarehe sawa. Jina ndilo lililokatwa.

Anayeijua Bukavu anayajua majina ya kina mama wa Kishi. Wengi huitwa kwa jina la baba likitanguliwa na M, halafu ritifaa, ile alama ndogo inayoning'inia juu ya mstari. Alama hiyo ndiyo inayosema huyu ni binti wa nani. Ukiiondoa unabaki na neno ambalo si la mama mwenyewe wala si la baba yake. Programu yangu ilikuwa imeiondoa kwenye majina yote.

Nilimjibu kwa heshima: "Mama, kompyuta haipendi ile alama." Alinitazama kidogo, akaikunja risiti, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Hakuniuliza tena.

Jibu nililompa lilikuwa la uongo, ingawa siku hiyo nililiamini. Kompyuta haina neno na ritifaa. Miezi minne kabla ya hapo karani wa likelemba alikuwa amenipigia simu usiku: kila akiandikisha mama mwenye jina la namna hiyo, ukurasa unageuka mweupe na kutoa maneno ya Kiingereza yanayolalamikia sintaksia ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, lile ghala la taarifa za programu. Nilikuwa na usingizi. Nilifungua msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, nikaongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kuandikisha, unaofuta kila ritifaa kabla jina halijahifadhiwa. Nikajaribu, ukurasa haukuanguka tena. Karani akanishukuru, nikalala.

Miaka miwili baadaye alikuja yaya mmoja, yaani mkubwa wangu, kutoka Goma, mtu aliyenitangulia sana katika kazi hii, akalala kwangu siku tatu. Jioni ya kwanza alitaka kuona ninachofanya, nikamfungulia msimbo wa likelemba. Aliusoma bila kusema kitu mpaka akaufikia ule mstari wa kufuta ritifaa. Akauliza: "Hapa ulikuwa unazuia nini?" Nikamsimulia habari ya majina. Alinyamaza, kisha akasema, "Wale kina mama walikuwa wanakuonyesha kwamba mlango uko wazi. Wewe ukawakataza kubisha."

Ngoja nikuonyeshe mlango wenyewe, maana bila kuuona kwa macho maneno haya yanabaki ya hewani. Mahali pa kutafuta mwanachama kwa jina nilikuwa nimeandika hivi:

"SELECT * FROM wanachama WHERE jina = '$jina'"

Tazama zile ritifaa mbili zinazolizunguka jina. Kwa hifadhidata, ya kwanza ina maana kwamba maneno ya mtumiaji yanaanzia hapa, na ya pili ina maana kwamba yameishia hapa. Sasa jina likija na ritifaa yake, hifadhidata inasoma M, inakutana na ile alama, inadhani jina limekwisha. Herufi zote zinazofuata, zile za jina la baba, inazichukua kuwa ni sehemu ya amri. Inajaribu kuzitii, haizielewi, inalalamika. Ule ukurasa mweupe ulikuwa ni hifadhidata inasema: nimepewa amri na mtu wa sokoni na sijui aliniamuru nini.

Na je, angeandika maneno ambayo hifadhidata inayaelewa? Ingeyatii. Yaya alinionyesha kwenye nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yangu. Hakugusa hata hiyo fomu ya majina. Alikwenda kwenye kisanduku cha kutafuta kwa namba ya kadi, ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa kwa sababu namba hazina ritifaa, akaandika: 0 OR 1=1. Maana yake ni: nipe mwenye namba sifuri, au yeyote ikiwa moja ni sawa na moja. Moja ni sawa na moja siku zote. Wanachama wote 214 wakashuka kwenye skrini, majina, simu, akiba ya kila mmoja, na nani anadaiwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili, tulikuwa tunatumia betri, na mwanga wa pekee chumbani ulikuwa ni ile orodha.

Nilikuwa nimefuta majina ya watu na sikuziba chochote.

Kosa hili, linaloitwa kudunga amri, lina umri. Desemba 1998 Jeff Forristal, aliyekuwa akitumia jina la rain.forest.puppy, alilieleza hadharani katika toleo la 54 la Phrack, jarida la wadukuzi. Mwaka huo, mwezi wa nane, vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeanzia kwetu Kivu. Nilikuwa mtoto, na kompyuta sijaigusa. Nilijifunza kuandika programu zaidi ya miaka kumi baadaye, nikalirithi kosa lilelile zima, kana kwamba hakuna aliyewahi kulisema. Wengine wamelirithi wakiwa na kila kitu. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani, RockYou, iliingiliwa kwa njia hiyo, na nywila zaidi ya milioni 32 zikachukuliwa zikiwa wazi, zimehifadhiwa kama zilivyoandikwa. Oktoba 2015 ilikuwa zamu ya TalkTalk, kampuni ya simu ya Uingereza: taarifa za wateja karibu 157,000, faini ya pauni 400,000, na mmoja wa waliokiri mahakamani alikuwa kijana wa miaka 17.

Dawa nayo haikuchelewa kama tunavyojidanganya. MySQL, programu ya hifadhidata, ilianza kuiwezesha katika toleo la 4.1, na PHP, lugha ya kuandikia programu, ikaja na PDO, nyenzo ya kuzungumza na hifadhidata, katika toleo la 5.1 mwaka 2005. Badala ya kubandika jina katikati ya amri, unaandika amri ikiwa na pengo:

"SELECT * FROM wanachama WHERE jina = ?"

Amri inakwenda kwanza peke yake. Hifadhidata inaisoma, inaielewa, inajua inatafutiwa nini. Jina linafuata baadaye kama jina tu. Hata likija limebeba maneno ya amri tumboni, hakuna atakayeyatii, kwa sababu wakati wa kupokea amri umekwisha pita. Na ritifaa inapita salama, inahifadhiwa, inachapwa kwenye risiti. Hili ndilo lililonikaa moyoni tangu jioni ile: njia inayomzuia mwizi ndiyo hiyohiyo inayoliheshimu jina la mama. Nilikuwa nimeambiwa, na mimi nikajiambia, kwamba usalama ni jambo la wataalamu, la benki, la baadaye. Kumbe mama yule wa sambaza aliliona kabla yangu, kwa kusoma risiti yake vizuri.

Kwa nini basi vijana wetu wanaendelea kuandika vilevile? Nimesikia wakiitwa wavivu, na sikubaliani. Najua wanajifunzia wapi. Megabaiti ni ghali, umeme unakuja unapotaka, kwa hiyo masomo yanatembea kwa flashi kutoka mkono hadi mkono: video zilizopakuliwa na mtu fulani zamani, PDF za kozi ya miaka kumi na mitano iliyopita. Ndani yake utakuta mysql_query, njia ya zamani ya kutuma amri kwa hifadhidata, ambayo PHP iliiondoa kabisa katika toleo la 7, Desemba 2015. Kijana anainakili, haifanyi kazi kwenye kompyuta yake, anabadilisha neno liwe mysqli_query, anaongeza muunganisho wa hifadhidata kwenye mabano, inafanya kazi. Amepata kazi mpya yenye ugonjwa wa zamani. Hakuna aliyekosa bidii hapo. Aliyekosekana ni mtu mmoja wa kukaa naye na kumwonyesha.

Tena mteja halipii kile asichokiona. Analipia ukurasa wa kwanza, rangi, nembo, risiti inayotoka. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama maulizo yangu kwa hifadhidata yana pengo. Kwenye mafunzo pia, somo la usalama likiwepo, linawekwa mwisho, wiki ambayo watu wanawaza mtihani, na linahusu wahalifu wa mbali waliovaa kofia, wala si ule msimbo ambao mwanafunzi aliuandika wiki ya pili.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea. Baada ya yaya kurudi Goma niliita wenzangu, tukakutana chumba kimoja pale Nguba, nikawaonyesha slaidi. Niliwaeleza RockYou, niliwaeleza TalkTalk, nikawatisha. Walinipigia makofi, na wiki iliyofuata nikapitia kazi ya mmoja wao nikakuta amri ileile na ritifaa zilezile. Hofu ya jambo lililotokea Uingereza haifiki kwenye vidole vya mtu anayeandika saa tano za usiku huku betri inaisha.

Sasa tunafanya hivi. Jumamosi, umeme ukiwepo, kila mtu anakuja na msimbo wake mwenyewe, aliouandika kwa ajili ya duka la dawa la mjomba, shule, parokia, chochote. Tunaweka nakala kwenye kompyuta yake, na data za kubuni. Sharti moja halijadiliwi: hatugusi mfumo wa mtu mwingine, hata kwa kuchungulia tu, hata kama tunajua una tundu. Kisha namwomba mwenyewe auvunje.

Nakumbuka binti mmoja, mwaka wa pili wa masomo, aliyekuwa ameandika fomu ya kuandikisha wagonjwa. Ilikuwa safi, imepangika, na alijivunia kwa haki. Nikamwambia, "Jiandikishe wewe mwenyewe." Naye ni Mushi, mwanamke wa Kishi. Kwenye kibodi zetu za Kifaransa ritifaa iko kwenye kitufe cha 4, na nilikiona kidole chake kinakwenda pale bila kufikiri, kama ambavyo kimekwenda maisha yake yote, halafu akabonyeza. Ukurasa ukaanguka. Chumba kizima kilinyamaza. Alisoma yale maneno ya kosa mara mbili, akasema polepole, "Mfumo wangu unanikataa." Sikuhitaji kuongeza neno. Alikaa pale mpaka jioni, akapitia fomu zake zote moja baada ya nyingine, na tangu hapo sijamwona akibandika neno la mtu ndani ya amri.

Tukimaliza kuvunja, tunasoma msimbo pamoja, na swali ni moja, analiuliza mtu mwingine asiye mwandishi: hiki kimetoka kwa nani? Tunalirudia kwa kila kigeu, yaani kila kipande cha taarifa, kinachoingia kwenye ulizo la hifadhidata, kwenye jina la faili, kwenye ukurasa utakaoonekana na wengine. Kama kimetoka kwa mtu wa nje, kimepita wapi kabla ya kufika hapa? Nimeona orodha ndefu za mambo ya kukagua, na nyingine ni nzuri sana; ya OWASP, shirika la usalama wa programu za wavuti, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2003, naipendekeza kwa kila mtu, na inasomwa bure. Lakini orodha inasahaulika, swali linabaki mdomoni. Sasa wanaulizana wakiwa hata kwenye moto, yaani pikipiki, abiria anamuuliza mwenzake nyuma ya dereva.

Swali hilo ndilo lililofichua jeraha jingine kwenye kazi yangu. Kila mwanachama alikuwa na ukurasa wake wa akiba, na mwisho wa anwani kulikuwa na namba yake. Kijana mmoja wa Jumamosi akauliza: "Hii namba imetoka kwa nani?" Nikasema imetoka kwa mwanachama, anapobofya. "Na akiandika nyingine?" Akaandika nyingine. Ukafunguka ukurasa wa mtu mwingine. Nilikuwa nimehakikisha kwamba mtu ameingia kwa nywila, sikuhakikisha kwamba anachokifungua ni chake. Mwaka 2019 kampuni ya Marekani, First American, iligundulika imeacha nyaraka kama milioni 885 wazi kwa namna hiyohiyo, na kwenye orodha ya OWASP ya mwaka 2021 kosa la jamii hii ndilo lililoshika nafasi ya kwanza, likaisukuma ile ya kudunga amri hadi ya tatu.

Wenzangu wengine walisema hilo ni dogo, hakuna fedha inayoweza kutoka. Hawajakaa na kina mama wa likelemba. Wapo wanaoweka akiba bila nyumba kujua, ili mwezi wa tisa ukifika mtoto wa sekondari asirudishwe kwa ajili ya ada. Shemeji akijua kuna dola mia mbili mahali fulani, kabla ya Jumapili kutakuwa na kikao cha ukoo na shida tatu za kutatua. Kwao siri ya kiasi ndiyo akiba yenyewe. Niliziba tundu lile usiku uleule, na namshukuru Mungu kwamba sijasikia aliyeumizwa nalo.

Mengine niliyoyakuta nayataja haraka, maana yanajulikana na hayana udhuru. Programu ilikuwa inaingia kwenye hifadhidata kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, bila nywila, kama inavyokuja XAMPP, kile kifurushi cha seva cha kujifunzia, ikiwa na uwezo wa kufuta kila kitu wakati kazi yake ni kusoma na kuandika majedwali manne. Saltzer na Schroeder walishaandika mwaka 1975 kwamba kila programu ipewe uwezo unaoitosha kazi yake tu. Nywila nilizificha kwa MD5, njia ya zamani iliyo dhaifu, wakati password_hash, iliyo imara zaidi, imo ndani ya PHP tangu 2013. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Sheria ya Kidijitali inayogusa ulinzi wa data za watu, kwa hiyo hata anayeona haya ni hiari yake ajue kwamba hayako hivyo tena.

Kuna jambo moja ningependa tulijifunze kama kundi zima, nalo ni kumsikiliza anayebisha. Mwishoni mwa mwaka 2020 Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama kutoka Sweden, aligundua kwamba jina la scpt-network.com limeachwa likaisha muda, na jina hilo lilikuwa linabeba moja ya seva mbili zinazoelekeza anwani zote za .cd, za nchi yetu nzima. Alilinunua kabla halijachukuliwa na mwenye nia mbaya, akawapasha habari wahusika, nao wakahamia jina jingine. Kwenye miradi yetu midogo nimeona mtu akileta taarifa ya tundu anaulizwa kwanza: nani alikutuma? Nilikuwa nimemfanyia mama wa Kadutu jambo lililo karibu na hilo, ila kwa tabasamu.

Kurekebisha msimbo kulinichukua usiku tano. Nilihesabu sehemu 63 ambazo nilikuwa nimebandika neno la mtu ndani ya amri. Niliziandika upya zote, nikaufuta ule mstari wa ritifaa, nikajaribu kwa majina yote niliyoweza kuyafikiria. Hapo ndipo nilipogundua kwamba majina yenyewe hayarudi. Ritifaa niliyoifuta haikuwa imehifadhiwa popote. Huwezi kuandika msimbo wa kubahatisha ni M gani ilikuwa nayo na ni M gani haikuwa nayo: yapo majina yanayoanza na M bila alama yoyote, na wenyewe wanayajua.

Kwa walioandikishwa zamani, karani alikuwa amelitunza daftari la kwanza, limevimba kwa unyevu, na humo tukapata majina 90 na ushee jinsi wenyewe walivyoyasema. Waliobaki waliingia baada ya kompyuta. Nikachapa orodha kwa herufi kubwa, nafasi pana kati ya mistari, nikapanda Kadutu siku mbili mfululizo, meza kwa meza, nikiuliza kila mmoja: "Mama, jina lako linaandikwaje?" Wengine waliniuliza kama nawaandikisha kwa ajili ya kura.

Mama wa sambaza nilimkuta mahali palepale. Sikujua kama ananikumbuka. Nilimweleza kwamba lile neno nililomwambia kuhusu kompyuta halikuwa kweli, kosa lilikuwa langu, na nimekuja kulirekebisha. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaitazama orodha, akalitafuta jina lake kwa kidole mpaka akalipata. Nilikuwa nimeshika kalamu tayari. Akaichukua mkononi mwangu, akaiweka ile alama mwenyewe, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.